Ubao Niliokataa Kuupaka Rangi Rumonge

Tangu nirudi Mwanza mnaniuliza swali moja: ni kweli nilifukuzwa fildi Burundi? Ni kweli. Wapo walioniuliza kwa huruma, wapo walioniuliza huku wanacheka, na mmoja wenu alishatangaza bwenini kwamba nilimpiga bosi. Sikumpiga mtu. Nitawaeleza njia nzima, kituo kwa kituo, halafu kila mmoja aseme moyoni mwake angefanya nini. Habari za vibali na mihuri naziruka. Zilinichosha mimi, hakuna haja ziwachoshe na nyinyi.

Kutoka Kigoma hadi mpakani

Gari la Manyovu lilipanda milima taratibu, na jirani yangu kitini, mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, akaniuliza naenda kufanya nini ng'ambo. Nikamwambia nasoma ufundi wa injini za boti, naenda kufanya mazoezi ya kazi Rumonge.

"Injini," akasema. "Wanaume wameisha?"

"Wapo, mzee. Tunasoma nao darasa moja."

Akageukia dirisha mpaka Manyovu. Nimezoea. Kwetu Musoma nilianza kusikia maneno hayo siku niliyofungua kabureta ya boti ya mjomba, na sijaona bado injini inayokataa kuwaka kwa sababu mkono ulioigusa ni wa mwanamke.

Upande wa pili wa mpaka, ofisa kijana alitazama hati zangu akasema, "Weye iko stajere?"

Sikulijua neno hilo. Nikadhani ananitaja kwa jina la mtu mwingine. "Hapana," nikamjibu, "mimi ni mwanafunzi, nakuja kujifunza kazi."

"Njo vile. Stajere."

"Hapana, kaka. Mwanafunzi."

Tulibishana hivyo kwa muda, kila mmoja akiwa na uhakika, mpaka mwenzake wa meza ya pili akacheka na kunieleza kwamba stajere ndiye huyo huyo mwanafunzi wa mazoezi, kwa Kifaransa. Nikakubali kuwa stajere. Walipogeuza jina langu kutoka Leokadia kuwa Lewokadi, nililikataa, na yule ofisa akalirudia vizuri huku anatabasamu.

Nyanza-Lac, gari lisilo na petroli

Nilishuka Nyanza-Lac nikiamini Rumonge ni mwendo wa asubuhi moja. Dereva wa teksi alipakia mizigo, akatuweka ndani, akafunga milango kwa heshima zote, kisha akatuambia hana petroli. Ndugu yake alikuwa ameenda kuitafuta.

Mimi nilianza kulalamika. Wenzangu walishuka, wakatandika vitenge chini ya ukuta wa duka, wakaanza kula. Huko petroli ikikosekana watu hawaulizi itakuja lini. Wanauliza nani ana chakula. Mama mmoja mnene, mwenye ushungi wa zambarau, alinisogezea bakuli la ndagala wa kukaanga. Ni dagaa tu, ila wa Tanganyika, watamu kuliko wetu, na sijui kwa nini nawaambia hivyo maana watu wa Musoma hamtanisamehe.

"Kula, mutoto wangu. Kukasirika haiwashe gari."

Ndivyo nilivyomjua Mama Zuhura. Alikuwa ametoka kuuza sabuni za mawese anazozitengeneza mwenyewe, anarudi kwake Rumonge, mtaa wa Waswahili. Babu yake alitoka Ujiji enzi za Wabelgiji, akaoa hapo, akazikwa hapo. Aliponiuliza nitafikia wapi, nikamwambia karakana imenipa chumba nyuma ya stoo.

"Mwanamuke halale mu garaje," akasema. "Utalala kwangu na binti zangu."

Nikamwambia sitaki kumsumbua. Akanitazama kama niliyesema jambo la kitoto, akaendelea kula. Petroli ilipofika jua lilikuwa limeshaelemea upande wa Kongo, na suala la malazi yangu lilikuwa limekwisha bila mimi kuulizwa tena.

Njia yote ziwa lilikuwa mkono wa kushoto. Mahali pengine michikichi imesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, na kuta za nyumba zimebaki nusu, madirisha yanatazama mawimbi. Ziwa limepanda miaka hii, limekula maeneo ya chini. Abiria hawakugeuza hata shingo. Mimi nilitazama mpaka giza likaingia.

Rumonge, kupika na kupaka

Karakana ilikuwa karibu na maji, inanuka mafuta ya mashine upande mmoja na mawese yanayochemshwa upande mwingine. Mwenye nayo, Bwana Evarisiti, wote wanamwita patroni. Ni mtu wa viatu visafi na maneno machache. Msimamizi wa kazi alikuwa Fataki, Mkongomani wa upande wa Fizi, mrefu, mpole, mikono imejaa makovu ya kamba na moto. Alinipokea vizuri. Alinionyesha injini zote kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake.

Siku ya kwanza jioni akaniambia mbele ya mafundi, "Kesho asubuhi weye utapika..."

Sikumwacha amalize. "Samahani, chifu. Sikuvuka mpaka kuja kupika. Nimekuja kwa ajili ya injini. Kama mnahitaji mpishi, mtafuteni mpishi."

Fataki alibaki mdomo wazi. Mafundi wakaanza kucheka, mmoja akakaa chini kabisa.

"Rangi, dada," akasema Fataki. "Utapika ile mashua rangi. Miye nilisema nini kibaya?"

Kumbe kwao kupika na kupiga ni neno moja. Wanapika simu, wanapika picha, wanapika mpira, wanapika na rangi. Uso uliniwaka. Nilimwomba radhi kwa kumkatiza, lakini sikuyarudisha maneno yenyewe, na naona alinielewa, kwa sababu tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kunituma chai. Nyumbani Mama Zuhura alipoisikia habari hiyo alicheka mpaka akashika meza, kisha akanipakulia ugali wa muhogo na mukeke, samaki wa ziwa lao, aliyepikwa kwa mawese na mchicha wanaouita lengalenga, akasema, "Huyu nimemupika miye. Nimemupika kweli."

Mashua yenyewe ilikuwa ndefu, ya mbao, ya kubeba mizigo na watu kwenye vijiji vya pwani. Niliianza kwa msasa. Nilipofika nyuma, kwenye ubao unaobeba injini, msasa ukawa unatoa unga mweusi. Nikagusa kwa bisibisi. Ikazama.

Mnajua wenyewe tulivyofundishwa. Injini yote inaning'inia kwenye ubao ule. Ikisukuma mashua, inausukuma ubao. Ubao ukiachia katikati ya mawimbi, injini inakwenda chini nao na maji yanaingia kwa nyuma, na mashua iliyojaa watu haina muda wa kusubiri mtu afikiri.

Nilimwita Fataki. Akabonyeza kwa kidole gumba, akatazama upande wa ofisi, akasema atamwambia patroni. Patroni alikuja, akasimama mbali kidogo ili viatu visiguse matope.

"Paka rangi," akasema. "Musimu ikiisha tutabadilisha."

"Patroni, ubao umeoza. Ukifungwa injini hapa, siku ya upepo utang'oka."

"Madmazeli, weye iko stajere. Stajere anaangalia, anajifunza."

"Nimeangalia. Ndiyo maana nasema."

Akaondoka. Mimi niliipaka mashua nzima rangi ya kijani, ndani na nje, kwa uangalifu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya, na ubao ule nikauacha mtupu. Kila aliyepita aliuliza kwa nini. Kila aliyeuliza nilimjibu. Baada ya siku chache nikafika asubuhi nikaukuta umepakwa, rangi ile ile, bado mbichi. Sikuuliza ni nani. Kuanzia hapo nikawekwa kuosha spana.

Ufukweni, siku daraja lilipokatika

Mvua kubwa ikanyesha na kubomoa daraja dogo kwenye barabara ya kusini. Magari ya Nyanza-Lac yakasimama. Stendi ikajaa watu wenye safari zao, na kabla mchana haujafika patroni akatangaza kwamba mashua yake itawapeleka kwa maji. Injini ikafungwa. Nilimfuata Fataki alipokuwa anakaza vibano.

"Chifu, unajua hali ya huo ubao."

Hakuinua macho. "Miye niko na batoto, Leokadia."

"Na hao wanaopanda wanao pia."

Akaendelea kukaza. Nilimkasirikia, na bado namkumbuka kwa upendo. Yote mawili ni kweli.

Watu walikuwa wameanza kupanda. Mama Zuhura alikuwa mbele kabisa na vikapu vyake vya sabuni. Nyuma yake palikuwa na mwanamume aliyevaa koti jeusi, Silvestri, ambaye alikuwa anamweleza kila mtu kwamba ndugu yake anazikwa siku hiyo hiyo Nyanza-Lac na lazima awahi.

Nilipanda nikaenda nyuma, nikakaa karibu na injini. Nilikuwa naogopa. Nasema hivi kwa sababu baadhi yenu mnasimulia kama vile nilisimama pale kama jemadari.

"Jamani, naomba mnisikilize," nikasema. "Ubao huu umeoza. Rangi imeuficha. Mtazame wenyewe kisha mwamue."

Nikachoma bisibisi. Iliingia mpaka kwenye mpini bila mimi kutumia nguvu, na maji ya kahawia yakachuruzika juu ya rangi mpya.

Kelele zikaanza. Mmoja akasema Mtanzania anataka kuwaharibia safari. Mwingine akasema mashua hiyo imekwenda na kurudi miaka yote. Silvestri alisogea mpaka mbele yangu. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa gumu zaidi.

"Dada, namzika kaka yangu leo. Nakuomba ushuke utuache twende."

Nilimwambia, "Pole sana, ndugu yangu," nikabaki nimekaa.

Ndipo Mama Zuhura alipokuja nyuma, akainama, akaingiza kidole kwenye lile tundu. Akakitazama kidole chake. Akaita wachukuzi washushe vikapu.

"Miye nashuka," akasema. "Sabuni zitangoja."

Alijua anachofanya. Patroni ni jirani yake, na soko la Nyanza-Lac ni siku moja kwa juma. Mama wawili wenye watoto mgongoni walimfuata, kisha watu wa upande wote wa kushoto wakaanza kuinuka, mpaka mashua ikabaki na watu wachache wanaotazamana.

Patroni alifika akiwa ameingia majini na viatu vyake. "Shuka. Toka kwa mashua yangu, toka kwa garaje yangu. Shule yako nitaiambia weye ni mutu gani."

"Iambie, patroni. Uiambie na habari ya ubao."

Nilishuka, na wale wachache waliobaki wakashuka nami, Silvestri wa mwisho. Fataki alikuwa amesimama kwenye mchanga, spana mkononi.

Kusini tena, kwa miguu

Sikuwa na kazi, na wale walioshuka hawakuwa na chombo. Tukaamua kutembea mpaka lilipokatika daraja, tuvuke, tutafute pikipiki upande wa pili. Nilijitwisha kapu moja la sabuni za Mama Zuhura. Silvestri alitembea mbele yetu, koti begani, hakugeuka nyuma.

Mtoni vijana wa kijiji walikuwa wamelaza magogo mawili ya mchikichi. Maji yalikuwa mekundu na yanakimbia. Nilipofika katikati mguu uliteleza, kapu likayumba, na mkono ukanikamata kwenye kiwiko. Alikuwa Silvestri. Alinishika mpaka nikafika ng'ambo, akaniachia, akaendelea na njia yake.

Pikipiki zilipatikana kwa shida, na tulipokaribia Nyanza-Lac watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini na majembe begani. Walikuwa wamekwisha kufukia. Silvestri alishuka, akasimama barabarani, watu wakimpita na kumshika mkono mmoja mmoja. Nilitamani niondoke. Mama Zuhura akanishika bega, tukabaki.

Baadaye, kwenye ua wa msiba, Silvestri alikuja tulipokuwa tumekaa kwenye mkeka. Walikuwa wametupa maharage na ndizi, nami sikuwa nimeyagusa.

"Kwa ile mashua ningefika," akasema.

"Labda ungefika," nikamjibu. Sikutaka kumdanganya. Hakuna ajuaye kama ubao ule ungeachia siku hiyo, au juma lililofuata, au mwezi mwingine.

Aliketi ukingoni mwa mkeka. "Labda," akasema. Halafu akaniuliza sasa nitakwenda wapi, nikamwambia sijui. Akaniambia karibu na bandari yuko fundi anaitwa Nestori, aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi na familia yake. "Mwambie nimekutuma miye."

Kwa Nestori

Nestori alinipokea kwa Kiswahili cha Kasulu kabisa, mpaka nikataka kulia. Akaniuliza kwa nini nimefukuzwa Rumonge. Nikamweleza yote bila kupamba.

"Wenye mashua hawatakupenda," akasema.

"Najua."

"Basi ingia. Kuna injini hapo imenishinda tangu juzi."

Na mimi ilinishinda siku nzima. Tulifaulu kuiwasha kesho yake, wawili tukiwa tumelala chini ya kivuli cha turubai, na alasiri akaniambia niipeleke majini nikaijaribu. Ndiyo mara yangu ya kwanza kushika usukani wa injini peke yangu Tanganyika. Milima ya Kongo mbele, nyuma yangu mji mdogo wenye mabati mekundu. Wavuvi waliokuwa wanashona nyavu walisimama kutazama. Nilizunguka mara mbili zaidi ya nilivyotakiwa.

Mama Zuhura alirudi kwake barabara ilipotengenezwa, na huko hakunyamaza. Alisimulia habari ya ubao kwa kila aliyenunua sabuni, mpaka mashua ya patroni ikawa haipati hata mtu wa kubeba kuku. Majirani wengine walimnunia. Aliponipigia simu nikamwuliza kama anaudhika, akasema, "Maneno nimeyazoea. Weye unakula vizuri huko?"

Siku moja mashua ya kijani ikaingia Nyanza-Lac, Fataki akiwa nyuma. Ubao ulikuwa mpya, mbao nene ya mvule, haijapakwa kitu. Alishuka na ovaroli yangu niliyoiacha, imefuliwa na kukunjwa.

"Patroni anasema urudi," akaniambia. "Uombe pardo mbele ya bafanyakazi, yeye atakuandikia shule maneno mazuri."

"Niombe radhi kwa lipi?"

"Nilimwambia utauliza hivyo." Akatazama chini. "Ile rangi ya pili ni miye niliipika. Siku ile tena nilinyamaza."

Nilikuwa nimeshakisia. Nilimwambia ubao wa sasa ni mzuri na kazi ni safi, na ilikuwa safi kweli. Tulikula pamoja kwa Nestori. Alipoondoka nilimsukumia mashua, na jibu alilompelekea patroni lilikuwa hapana.

Chuoni

Patroni alitimiza ahadi yake. Chuo kimepata maoni yake, na yanasema mimi ni mkaidi, sifuati amri, nimewachochea wateja. Majuma ya kwa Nestori yamehesabiwa. Ya Rumonge yamefutwa, na nitayarudia likizo, wakati nyinyi mko nyumbani mnakula samaki. Mwalimu wangu wa fildi alinipa nafasi katika karakana ya hapa hapa mjini. Nimeikataa. Nimeomba Nyanza-Lac.

Alivua miwani akanitazama. Si mtu mbaya. Alitaka kunisaidia.

"Leokadia, mashua haikuwa yako. Ungenyamaza, ungefaulu."

"Ningefaulu nini, mwalimu?"

Alivaa miwani, akatazama dirishani kidogo, kisha akaniuliza ile injini ya Nestori ilikuwa na tatizo gani, nami nikavuta kiti nikaanza kumweleza.